Wimbo Usiojua Kupiga Magoti

1

Mama Skolastika alizimia mbele yangu mchana kweupe, katikati ya ukumbi wa kituo chetu cha afya pale Njombe, akiwa ndiyo kwanza amemaliza kumsalimia mtu.

Alikuja kunionyesha jeraha kwenye paji la uso. Ni jirani yangu, kanizidi umri kwa miaka kadhaa, na akicheka ukumbini wagonjwa wa wodini wanaulizana kuna sherehe gani.

"Nimeanguka kanisani, mdogo wangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba amenunua viazi. "Wiki iliyopita nilianguka kwa shemeji. Sakafu za siku hizi zinanivuta."

Nikasogeza kioo cha kusomea karibu na shingo yake, pale ulipolala ushanga, kile kifaa kidogo cha kuongoza moyo, chini ya ngozi, na mistari ikaanza kupita: presha yake, mapigo yake, na yale yote ambayo ubongo ulikuwa unauagiza moyo. Mistari ilikuwa mizuri mno. Ilikuwa mistari ya msichana.

"Mzima kabisa, dada."

"Najua. Sasa kiambie na hiki kichwa."

Ndipo akamwona Mzee Ngole kwenye benchi, amekaa anasubiri miwani yake. Mama Skolastika hawezi kumpita mzee hivihivi. Alipiga magoti palepale kwenye vigae, akainamisha kichwa, akaanza. "Kamwene." "Kamwene." Habari za nyumbani. Za wajukuu. Za mvua. Za yule ng'ombe aliyekuwa hali majani. Salamu zetu sisi Wabena hazina haraka ya kwenda popote, na Mzee Ngole alijibu kila swali kwa ukamilifu, hata la ng'ombe.

Kioo nilikuwa nimekishika bado, na ushanga ulikuwa bado unaongea nacho. Nikaona mstari wa presha ukipanda taratibu kadiri mama wa watu alivyoendelea kuinama. Nikaona ushanga ukikanyaga breki. Mzee akasema, "Haya mwanangu, ahsante," na Mama Skolastika akainuka. Mstari ukaporomoka. Niliwahi kukidaka kichwa chake kabla hakijafika kwenye vigae.

Alipofumbua macho alikuwa amelala mapajani mwangu. "Umeiona?" akauliza kwa sauti ndogo. "Si nilikwambia sakafu?"

Nilikuwa nimeona. Na haikuwa sakafu. Kilichomwangusha Mama Skolastika kilikuwa ujana wangu mimi.

2

Moyo una mafuta na breki. Kutoka kwenye shina la ubongo zinashuka neva za aina mbili: moja zinauharakisha moyo na kuibana mishipa ya damu, nyingine zinauambia utulie. Kwa mwanamke anayeona siku zake, homoni ya estrojeni imekaa hapo juu miaka yote ikishauri. Inaipa breki nguvu, inazipunguzia makali neva za kuharakisha, inailegeza mishipa ili damu ipite bila kusukumana. Hedhi ikikoma, mshauri anastaafu bila kukabidhi ofisi. Mafuta yanakanyagwa, presha inapanda, joto linakuvamia ukiwa katikati ya kikao cha harusi na wote wanadhani umekasirika. Mimi nina miaka hamsini na nne, kwa hiyo hapa sielezi ya vitabuni peke yake.

Zamani wanawake wa rika letu walikuwa wanapukutika kwa kiharusi. Ushanga ulibadilisha hayo. Haumwagi homoni mwilini. Unazichezea neva mtindo uleule ambao ubongo wenye estrojeni ungezichezea, usiku na mchana, na moyo unausikia na kuufuata. Lakini mtindo huo ilibidi utolewe kwa mtu. Waliutoa kwangu, nikiwa mwanafunzi wa miaka ishirini na sita, katika maabara moja ya Dar es Salaam, nimevaa mkufu wa nyaya mwezi mzima. Mafundi wakauita Wimbo. Sasa Wimbo unachezwa kwenye shingo za akina mama wa nyanda zote za juu, na ile iliyokuwa wodi ya kiharusi tunafanyia mazoezi ya viungo.

Kule maabara walinilaza, walinikalisha, walinisimamisha, walinikimbiza, walinitisha kwa sinema. Hakuna aliyewaza kunipigisha magoti. Ningempigia nani? Mashine?

Kwa hiyo Wimbo unajua kulala na kukimbia, ila haujui kupiga magoti. Mtu akipiga magoti na kuinama, damu ya miguuni inasukumwa juu, na presha ya shingoni inapanda kidogo. Wimbo unadhani ni presha ya kweli, unakanyaga breki. Kwa salamu ya mjini hakuna neno, maana inaisha kabla breki haijashika. Kwa salamu ya Njombe, mpaka mfike kwenye ng'ombe breki imeshika barabara. Kisha mama anainuka, damu inarudi miguuni, moyo unatakiwa ukimbie, nao umefungwa.

Haya yote nilimweleza mkuu wa kituo, Dokta Mbwana, kijana wa Tanga mwenye adabu zake na mashati yaliyopigwa pasi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mbona jibu ni jepesi," akasema. "Tutoe tangazo. Wasipige magoti."

Nilicheka mpaka nikamwona anaona haya. "Baba, ukamwambie Mama Skolastika amsalimie Mzee Ngole akiwa amesimama kama nguzo ya umeme? Atakutii hapa. Akitoka nje ya geti atapiga magoti mara mbili kufidia."

"Basi tuuzime Wimbo."

"Ukiuzima ghafla, yale mafuta yaliyozuiwa miaka yote yanarudi kwa kishindo. Tutazika watu."

Aligeuza kalamu. Krismasi ilikuwa inakaribia. Watoto wangerudi kutoka mijini, wajomba wangekuja, na akina mama wangepiga magoti kutwa nzima kuanzia mlangoni hadi jikoni penye mafuta ya moto. Wote wawili tuliiona picha hiyo hiyo.

"Tunahitaji Wimbo mwingine," nikasema. "Wa msichana anayepiga magoti tangu utotoni."

"Kamati ya kibali itakaa mwakani, mama." Kisha akainamisha macho. "Ila kuna kibali cha kaya. Mtumishi anaruhusiwa kumsajili mtu wa nyumbani kwake. Mkuu wa kaya anaweka kidole, basi. Hata mwenyewe si lazima aulizwe." Akakohoa. "Nimesikia una mkwe."

3

Yusta aliolewa na mwanangu Ezekia mwezi wa sita. Ezekia yuko Makambako kwenye mitambo ya upepo, anarudi mwisho wa wiki, kwa hiyo siku nyingi tuko wawili, mimi na mke wake. Ni binti wa Lupembe, mpole, mwimbaji wa kwaya, na tangu aingie nyumbani kwangu sijawahi kumsikia akisema hapana. Nilimnunulia mapazia ya zambarau ya chumbani kwake, mazito kweli. Nikamuuliza kama ameyapenda. "Sawa mama, mazuri." Nilimuuliza kama chai yangu ya tangawizi inamzidia ukali. "Sawa mama, nzuri." Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Jioni ile aliniletea chai, akapiga magoti na sinia mkononi. Mara elfu nimemwambia aache, mimi si chifu. Safari hii sikusema kitu. Nilimtazama kwa jicho la kazi. Aliinama, akanisalimu, akaniuliza ya kazini, nikamjibu, akainuka moja kwa moja bila kikombe hata kimoja kutikisika. Mwili ule ulikuwa unajua kitu ambacho Wimbo wangu haukuwahi kufundishwa.

Nikamwomba akae. Nikamweleza yote: Mama Skolastika, ushanga, Krismasi. Nikamweleza na bei yake, maana naijua. Mkufu ule hauna siri. Mafundi wa Dar walijua siku niliyogombana na mchumba wangu kabla mama yangu hajajua. Walijua nilipolia usiku. Walinitania kwa hayo mezani nikiwa nakula, nami nikacheka nao kwa sababu sikujua la kufanya.

"Kwa hiyo nakuuliza, Yusta. Utakubali tuurekodi moyo wako?"

"Sawa mama."

Hata pumzi hakuvuta. Ilikuwa ni ileile sawa ya mapazia.

Niliumia. Ningeweza kuichukua ile sawa, nikaweka kidole, kesho asubuhi mkufu ukawa shingoni mwake. Akina mama wote wa mkoa wangepona kwa sawa ile. Na mimi ningeishi na binti huyu miaka yote iliyobaki nikijua kwamba nilimwibia.

Sijui nilifikiri nini. Nilishuka kitini nikapiga magoti mbele yake. "Mwanangu, nakuomba unijibu kwa kweli."

Yusta aliruka kama aliyemwagiwa maji, akapiga magoti na yeye. "Mama! Inuka mama, tafadhali!"

"Inuka wewe kwanza."

"Siwezi kuinuka wewe ukiwa chini!"

Tukabaki hivyo kwenye zulia, uso kwa uso, wanawake wawili wazima, chai inapoa. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Yusta alikasirika. Macho yake yalibadilika.

"Mama, ukinipigia magoti ndiyo umenifunga kabisa," alisema. "Nilikuwa siwezi kukataa. Sasa ndiyo nitakataaje?"

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa yalikuwa ya haki. "Basi nifundishe," nikasema. "Nikuombeje ili uweze kukataa?"

Alifikiri muda mrefu. Magoti yalianza kuniuma, nikavumilia.

"Nikiwa hapa mimi ni mkwe," akasema hatimaye, polepole. "Nikiwa kwetu mimi ni mtoto wa watu. Mliponiposa hamkuja kuniuliza mimi jikoni kwenu. Mlituma mshenga. Mshenga anaweza kukataliwa, akaenda zake, na hakuna aliyevunjiwa heshima." Akanitazama. "Tuma mshenga, mama."

4

"Mshenga mwanamke!" alisema Mama Skolastika, na kicheko chake kikapita ukuta. "Mwenye plasta usoni! Haya, nipe sukari ya kupeleka. Mshenga haendi mikono mitupu."

Yusta alitangulia kwao. Mama Skolastika akafuata na basi la asubuhi, baada ya kuniapia kwamba atasalimia akiwa amekaa kwenye kigoda na kuomba radhi kwa kila mtu. Dokta Mbwana alikuwa ameshatoa tangazo, nililolisahihisha mwenyewe: pigeni magoti kama kawaida, ila inukeni mmeshikilia kitu, na asiye na cha kushikilia ashikwe mkono. Lilipunguza maanguko kiasi, halikuyamaliza. Kile kibali cha kaya nilikiacha mezani kwake bila kidole.

Siku ile kazini nilikuwa wa kufungiwa. Nilimwaga chai, nikamwita mgonjwa kwa jina la mwenzake. Wimbi la joto lilinipanda mara nne, na moyo wangu, ambao haujawahi kuvaa ushanga wowote, ulikuwa unagonga kama mtu anayedai kufunguliwa. Kutouvaa kulikuwa kiburi tu. Ilikuwa inanichekesha kuvalishwa ujana wangu mwenyewe.

Mama Skolastika alirudi jua likizama, akaketi, akaomba maji, akayanywa yote.

"Amekataa," akasema.

Nilivunjika moyo. Halafu, chini kabisa ya huzuni ile, nikasikia furaha ambayo sikuitegemea. "Amekataaje?"

"Amekataa vizuri. Mbele ya baba yake na mama yake na bibi yake. Nikamuuliza mara ya pili, kama inavyotakiwa, akasema hapana mara ya pili. Anasema usiku wake ni wa kwake na mumewe, hautaenda shingoni kwa mtu." Akavuta pumzi, anafurahia zamu yake. "Lakini lini umemwona mshenga akirudi na neno moja? Amesema hivi. Kwaya yao ina mabinti wengi, wote wa umri wake, wote wanapiga magoti mpaka kwa mbuzi. Aliwaita, wakakaa, wakazungumza. Wako tayari kuimba pamoja. Mtachukua mioyo yao wote, mtaichanganya palepale Lupembe, isijulikane ya nani ni ipi. Rekodi za mmoja mmoja zifutwe kabla hamjapanda gari, na atakayezifuta ni yeye Yusta, kwa kidole chake. Usiku hamrekodi. Nyumbani kwa mtu hamrekodi. Ni kwenye ukumbi wa kwaya tu."

Nilikuwa nimeshaanza kusema haiwezekani. Wimbo wa kwanza ulihitaji mwezi mzima kwa sababu estrojeni inapanda na kushuka ndani ya mwezi, na mshauri wa wiki ya kwanza si mshauri wa wiki ya tatu. Mwezi hatukuwa nao. Kisha nikaanza kuhesabu. Mabinti wale hawakuwa kwenye siku moja. Mmoja alikuwa mwanzoni mwa mwezi wake, mwingine katikati, mwingine mwishoni. Ukiwaweka wote ukumbini kwa wakati mmoja, mwezi mzima upo pale, umekaa kwenye mabenchi.

"Dada," nikasema, "yule mtoto amenipa kitu kizuri kuliko nilichoomba."

"Bado sijamaliza. Sharti la mwisho." Mama Skolastika aliweka bilauri chini. "Wa kwanza kuuvaa huo wimbo mpya ni wewe. Anasema, kama ni kuanguka, uangukie kwao."

5

Ukumbi wa kwaya wa Lupembe una madirisha yanayotazama mashamba ya chai. Kwa kuwa hakuna rekodi ya mtu mmoja ambayo ingebaki, Dokta Mbwana aliona hakuna haja ya kungoja kamati, na kila binti akajiwekea kidole mwenyewe. Mabinti walivaa mikufu, wakacheka, wakasahau kwamba wamevaa, wakafanya mazoezi ya nyimbo za Krismasi. Wazee wa kanisa waliingia mmoja mmoja, kama tulivyowaomba, na mabinti wakawapigia magoti kwa zamu. Hakuna salamu iliyofupishwa. Niliziona kwenye kioo zikiwa zimeshachanganywa, sauti moja ya wengi, na nikaona kitu ambacho hakikuwa katika kitabu chochote nilichowahi kusoma.

Presha ilipanda walipoinama, kama kwa Mama Skolastika. Breki ikashika. Lakini mzee alipofika kwenye neno lake la mwisho, lile "haya, ahsante", moyo uliachia breki na kuanza kukimbia, goti likiwa bado liko chini. Haukungoja damu ishuke. Ulisikia salamu inaisha, ukajua kinachofuata. Tangu wakiwa watoto wadogo miili ile ilikuwa imefundishwa na salamu yenyewe, na estrojeni ilikuwa imeipa breki wepesi wa kushika na kuachia kwa wakati. Ushanga hausikii maneno, ila unasoma agizo la ubongo unaoyasikia, na agizo hilo Wimbo wangu ulikuwa haulijui.

Nilimwita Dokta Mbwana aje aone. Aliangalia, akaangalia tena. "Kumbe moyo unasikiliza maongezi," akasema, na mtoto wa watu akafuta macho kwa mkono wa shati lake lililonyooshwa.

Yusta alizifuta rekodi za mmoja mmoja. Alibonyeza, akahakikisha, akabonyeza tena. Mimi nilisimama mbali, nimempa mgongo.

Baada ya siku chache, Wimbo mpya ukiwa umeshapimwa na mashine kwa kila namna, Dokta Mbwana aliniwekea ushanga. Usiku ule nililala bila kutupa shuka hata mara moja. Niliamka nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikasikiliza kifua changu kilivyotulia, nikalia kidogo. Wale mabinti walikuwa wamenipa kitu ambacho sikukumbuka tena kwamba niliwahi kuwa nacho.

Tukarudi Lupembe, kama sharti lilivyosema. Bibi yake Yusta alikuwa amekaa sebuleni, mdogo, amejifunga blanketi. Yusta alisimama ukutani. Mama Skolastika alisimama karibu yangu, mikono tayari, maana alikuwa na deni la kunidaka.

Nilipiga magoti. Magoti yangu yalilalamika kwa sauti. Nikainamisha kichwa.

"Kamwene."

"Kamwene," alijibu bibi, na hakuwa na mpango wa kunihurumia. Aliniuliza ya Njombe, ya mvua, ya Ezekia, ya kazi, ya viazi, ya jirani ambaye alikuwa amesikia anaangukaanguka. Aliniuliza hadi marehemu mume wangu anaendeleaje, kisha akakumbuka, akatoa pole upya. Nilijibu yote. Nilisikia damu imejaa masikioni. Niliogopa, nakiri, niliogopa kama mwanafunzi.

"Haya, mwanangu," bibi akasema. "Ahsante kwa kuja."

Na kabla sijaamua kuinuka, kitu kikaamka kifuani mwangu. Moyo ulijikusanya, ukaongeza hatua, kama kwaya inapovuta pumzi pamoja. Nikainuka. Chumba hakikuzunguka. Nilisimama wima sebuleni kwa watu, naona kila kitu, hata vumbi kwenye mwanga wa dirishani.

"Sakafu imeshindwa!" alipiga kelele Mama Skolastika, na bibi akauliza sakafu gani.

Kabla ya Krismasi Wimbo mpya ulikuwa umeshuka kwenye shanga zote, taratibu, mji kwa mji. Wa kwangu wa zamani ulinyamaza bila mtu kuulilia, hata mimi.

Jioni ile tuliporudi nyumbani kutoka Lupembe, Yusta aliniletea chai, akapiga magoti. Nikamwambia, "Yusta, acha hayo." Akasema, "Hapana, mama, hili napenda mwenyewe." Akainuka, sinia limetulia. Akafika mlangoni, akasimama, akageuka.

"Mama."

"Naam."

"Yale mapazia." Alishika fremu ya mlango. Sikuwa na kioo, sikujua moyo wake unaenda kasi gani, na haikuwa kazi yangu kujua. "Siyapendi. Sijawahi kuyapenda."

Niliweka kikombe mezani. "Na hii chai?"

"Tangawizi nyingi, mama. Inaunguza."

"Kesho utaipika wewe," nikasema. "Na mapazia tutaenda kuyabadilisha. Unataka ya rangi gani?"

"Yoyote, mama," alisema Yusta, sasa anacheka waziwazi. "Ilimradi usiyachague wewe."